Mteja wa Ozi

Biashara Street, mzigo unaokwenda mbali huandikwa mambo matatu kwa kalamu nene: jina la mpokeaji, mji anakokaa, na namba yake ya simu. Hilo la tatu ndilo lenye kazi. Jina laweza kukosewa herufi na mji waweza kuwa na stendi mbili, lakini namba ikiwa sawa kondakta atapiga, na mtu atainuka kivulini alikokaa aje kulitwaa robota lake. Mzigo wetu uliandikwa na la nne. Chini ya namba kijana wa duka alipiga mstari, kisha akaongeza: "Asipopatikana apewe mama wa mahamri, stendi ya Witu."

Nilimwambia kwamba mimi mwenyewe nitakuwa ndani ya basi hilo hilo. Hakuinua kichwa. "Watu hulala, bwana. Watu hushuka kunywa chai wakaachwa." Mwenye duka, aliyekuwa akihesabu noti nyuma ya kaunta, akasema mama huyo amekuwa akiwapokelea mizigo tangu zama ambapo kuwa na simu ya mkononi kulikuwa jambo la kuonyeshwa watu, na hajapoteza hata doti moja.

Safari ilikuwa ya Ozi, kijiji cha Wapokomo kando ya mto Tana, karibu na mahali mto unapoingia baharini. Binamu yangu aliolewa huko, na sasa alikuwa anamwoza binti yake. Wanawake wa harusi walitaka sare: leso za mtindo mmoja, rangi moja, jina moja. Kazi ya kuzitafuta ilimwangukia shangazi yangu wa Kibokoni, ambaye haamini kuwa mwanamume anaweza kuachiwa kununua leso. Kazi ya kuzibeba ikaniangukia mimi.

Leso siku hizi hununuliwa kwa simu. Simama kidogo mbele ya duka lolote la mtaa ule, upande wa kuelekea Digo Road, utaona kijana anatandaza leso juu ya kaunta, anaipiga picha, anaituma, na mteja wa Maskati au Dubai anajibu "hiyo ya urujuani" kabla fundi wa cherehani aliyeketi barazani hajamaliza kupinda ncha za ile iliyotangulia. Pesa huingia kwa namba ya duka iliyobandikwa ukutani kwa maandishi ya kijani. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo maneno yake ya "Mali ya Abdulla" wanawake wa pwani huyatafuta kwenye leso kabla ya kuulizia bei, ilianza biashara Mombasa mwaka 1887, miaka 120 kabla M-Pesa haijazinduliwa Machi 2007. Kwa zaidi ya karne moja leso zilikuwa zikifika Siyu, Kismayu na Bagamoyo bila mtu kupiga picha yoyote. Lakini ukimwambia hayo kijana wa leo atakutazama kwa huruma.

Picha tulizotuma Ozi ziliganda. Tiki moja ya kijivu kutwa nzima, na kesho yake vile vile. Halafu usiku wa manane ukaingia ujumbe mfupi wa binamu: "Picha hazifiki. Niambieni majina."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho. Jina la leso, yale maneno yaliyochapwa chini ya mji wake, ndilo lililokuwa likitumika kuagizia tangu utoto wake: mtu anakwenda safari, anaambiwa niletee ile iliyoandikwa kadha wa kadha, basi. Ujumbe mfupi wa simu unabeba herufi 160, na sijaona jina la leso lililoshindwa kuingia humo. Tukarudi mtaani. Shangazi akaketi kwenye kigoda akifunuliwa leso moja baada ya nyingine, anasoma kwa sauti, mimi naandika: jina, kisha rangi ya mji, kisha pindo. Rangi aliitaja kwa namna ambayo hakuna kamera ingeishinda. Hii ni damu ya mzee, si nyekundu. Hii ni maji ya kunde iliyokolea. Jibu lilipokuja lilikuwa na maneno kumi na mawili tu: "Wema hauozi. Damu ya mzee. Pindo la korosho. Doti ishirini na nne." Nilikuja kufahamu baadaye kwa nini wanawake wote wa kijiji waliafikiana haraka hivyo: Ozi wamo ndani ya jina, na kila aliyeivaa siku ya harusi alihakikisha wageni wamelisoma.

Kabla sijaondoka, shangazi alichukua leso yake kuukuu, akafunga noti za mia na za hamsini kwenye ncha, fundo gumu, akaitia mfukoni mwa shati langu yeye mwenyewe. Nilimwonyesha simu: pesa zimo humu. "Zimo," akasema. "Wa kukutolea je?"

Basi la Lamu liliondoka Mwembe Tayari kungali giza. Kwenye daraja la Nyali simu zilikuwa bado zinafanya kazi yake ya Mombasa, yaani kudanganya. Kijana wa kiti cha mbele alimhakikishia mtu kuwa ameshapita Mtwapa; tulikuwa Kongowea. Mama mmoja akamwambia anayemngoja Malindi kwamba "twaingia Gede", na hata daraja la Kilifi hatujaliona. Hakuna aliyemshangaa. Simu ya mkononi imetupa sisi watu wa mjini ruhusa ya kuchelewa. Zamani ukiagana na mtu saa nne Saba Saba, saa nne uwepo, kwa kuwa huna njia ya kumpa udhuru. Sasa saa nne ni makadirio tu. Tutapigiana.

Na kwa kupigiana hatuna shida. Mji wetu ndipo nyaya za chini ya bahari zilipoibukia: TEAMS, uliotandazwa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na SEACOM, zote mbili mwaka 2009, kisha EASSy mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ya intaneti inayotumika Nairobi na Kampala hupandia hapa ufukweni kwetu. Lakini waya ukishafika hupanda bara kufuata barabara ya lami na wateja. Pwani ya kaskazini inapewa kinachobaki.

Baada ya Malindi na daraja la Sabaki tukapita mashamba ya chumvi ya Gongoni, na huko mazungumzo yakaanza kukatika. "Halo? Wanisikia? Mimi nakusikia." Ukipita Garsen basi linanyamaza. Makampuni ya simu yanaposema mtandao umewafikia zaidi ya asilimia 90 ya Wakenya husema kweli, ila wanachohesabu ni vichwa vya watu, si ukubwa wa ardhi, na Wakenya wamesongamana sehemu chache. Mnara huwekwa penye watu wa kuulipia dizeli yake. Kwa hizo sehemu zisizolipa, Mamlaka ya Mawasiliano inasimamia mfuko unaochangiwa na makampuni yenyewe kutokana na mapato yao, na minara kadhaa ya vijijini imejengwa kwa pesa hizo. Upande huu kuna balaa jingine. Huko Lamu bara, Garissa na Mandera, Al-Shabaab wamelipua minara zaidi ya mara moja, na fundi hapelekwi kuitengeneza bila askari. Gamba tuliteremshwa wote kwenye kizuizi, tukapanga foleni juani tukiwa na vitambulisho mkononi. Askari alilitazama robota, akasoma maandishi yote manne, akauliza, "Huyu mama wa mahamri bado yupo?" Akaturuhusu.

Yupo. Witu ilikuwa makao makuu ya usultani mdogo ambao Wajerumani waliuweka chini ya ulinzi wao mwaka 1885 na kuwakabidhi Waingereza 1890. Wajerumani walifungua hata posta pale Lamu 1888, ikafungwa 1891. Siku hizi posta ya Witu, kwa maana ya mahali ambapo habari hupokelewa na kupelekwa zinakotakiwa, ni meza ya mbao chini ya mwarobaini, yenye karai la mafuta upande mmoja na daftari la shule upande wa pili.

"Wewe ndiye wa leso?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kijana wa boda anakungoja tangu adhuhuri. Maji yanajaa mpaka saa kumi, na nahodha hatakungoja yakishageuka."

Nilimuuliza alijuaje nitafika saa hiyo, maana nilikuwa nimejaribu kumpigia kutoka Garsen nikaambiwa na ile sauti ya mwanamke kwamba hapatikani. Akafungua daftari. Kulikuwa na mstari wenye siku, jina la kijiji changu cha kwenda na neno "leso", ulioandikwa juma zima nyuma. Binamu alimwambia nahodha, nahodha alipokuja Kipini kuuza maembe akamwambia kijana wa boda, kijana wa boda akamwambia yeye. Simu haikuguswa popote katika mnyororo huo. Nilipokuwa nanawa mikono nikaona mama amekwisha kupiga tiki.

Kutoka Witu mpaka Kipini ni vumbi na mikoche, na kijana alibana robota kati yetu kama mtoto wa kuibwa. Kipini ina bahari mbele, mto ubavuni na mchanga wa vilima nyuma. Wenyeji watakuambia kaburi la Fumo Liyongo liko hapa. Nikiwa nangoja mashua nilimkumbuka huyo shujaa kwa sababu isiyo ya ushujaa. Alipofungwa, hadithi inasema, habari zake na mama yake zilipita kwa kijakazi Saada, na tupa ya kukatia pingu ikafika gerezani imefichwa ndani ya mkate wa pumba ambao walinzi hawakuutamani. Mikate mizuri waliila wao. Kila ninaposikia watu wakibishana ni mtandao gani una nguvu, nafikiri habari ya Saada.

Kibanda cha wakala kilikuwa wazi. Nilikuwa na pesa za kutosha ndani ya simu, na pale Kipini mtandao ulikuwepo, mistari miwili. Kilichokosekana ni karatasi. "Float ya pesa taslimu hakuna, ndugu yangu," wakala akasema. "Wanunuzi wa samaki wakija kesho, noti zitakuwepo. Leo kila mtu anakuja kutoa, hakuna anayeweka." Hilo halifahamiki vizuri ukiwa mtaani kwetu, ambako wauzaji huweka tangu asubuhi na wakala hasumbuki. Sehemu yenye mtaji mdogo, pesa ya simu hungoja noti halisi zifike kwa gari kutoka kwingine, na gari likikwama kwenye tope pesa yako nayo imekwama. Nikatoa leso ya shangazi. Fundo lilinichukua muda kulifungua. Nahodha akalitazama kwa heshima.

Wavuvi waliokuwa wakikausha nyavu waliniambia kwamba wakitweka kuingia Ghuba ya Ungwana, ipo sehemu simu hukata mara moja, hata kama usiku taa nyekundu ya mnara ingali inaonekana kwa mbali. Walilichukulia kuwa ni ujeuri wa kampuni. Kumbe ni hesabu. Katika mitandao ya 2G simu na mnara hupokezana zamu ndogo sana za muda, na aliye mbali zaidi ya kilomita 35, kwa kawaida, sauti yake hufika zamu imeshapita. Mnara unamsikia na haumhudumii. Nilipowaeleza, mzee mmoja alifikiri kidogo akasema, "Basi ndiyo ujeuri wenyewe."

Tulipanda na maji ya kujaa. Mikoko kwanza, halafu mikindu, halafu mashamba. Nahodha alizima simu yake, akaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga na kukaza mfuniko. Alisema ikiwaka huku inajimaliza bure, na alikuwa sahihi kuliko vijitabu vinavyokuja na simu mpya. Simu iliyo karibu na mnara hunong'ona. Ikiwa mbali hupaza sauti kama mtu anayemwita mwenziwe ng'ambo ya mto, na sauti hiyo inalipiwa na betri. Ya 2G huweza kupanda hadi wati 2. Isipouona mnara wowote huendelea kuutafuta na kuutafuta, na jioni unashika kipande cha plastiki kilichokufa. Kama huna la kupokea, izime au iweke katika hali ya ndege.

Ramani niliiacha ikiwaka, kwa kuwa niliipakua kabla ya kuondoka nyumbani na setilaiti za GPS hazihitaji mnara wala kredo. Kidoti cha buluu kilitufuata vizuri mpaka mahali kikaacha mto na kuanza kutembea shambani. Nilimwonyesha nahodha. Alicheka. "Mto ulihama. Hapo panapoonyeshwa maji pana mtama." Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, umekuwa ukihamahama katika delta hii daima, na hata mkondo huu wa Ozi uliongezewa maji na binadamu: ni katika karne ya 19 watawala wa Witu walipochimbisha mfereji wa Belazoni kuuunganisha na Tana, na mto ukaupenda mdomo huu mpya. Ramani ya mwaka juzi ni ya zamani hapa.

Kwenye kona moja, penye mikoko miwili iliyoanguka, nahodha alipunguza mashine. "Hapa ndipo mwisho. Mwenye neno na aseme sasa." Abiria wote wakatoa simu. Mama mmoja alimwambia mtu bei ya mchele. Mwalimu alituma ujumbe uliokuwa umeshaandikwa tayari, akausindikiza kwa macho mpaka ukaondoka. Nikamwandikia shangazi kwamba leso zimefika salama, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa bado. Mombasa ilikuwa haijanitoka.

Ozi ina mtandao mti mmoja. Ni mwembe wa ngowe, mzee, juu ya kijisehemu kilichoinuka kidogo katika nchi ile tambarare, na shina lake watu wawili hawalikumbatii. Usawa wa kichwa cha mtu mrefu kumepigiliwa misumari, na msumari mmoja mmoja una kifuko chake: wavu wa vitunguu, soksi ya mtoto, chupa ya maji iliyokatwa shingo na kutobolewa kitako ili mvua isituame. Ndani ya vifuko mna simu, karibu zote kabambe za vibonye, nyingine namba tano imekwisha kufutika. Wenyewe wako shambani. Simu ikilia, mtoto yeyote aliye karibu anajua kwa mlio ni ya nani. Akiwa na mbio ataitwa mwenyewe. Asipokuwa nazo, ujumbe utangoja, na ujumbe hauna haraka. Hii ndiyo sababu watu wa huko huandika kuliko kupiga. Simu ya kuongea inataka mtandao wakati wote wa maongezi. Ujumbe mfupi unataka upenyo wa sekunde chache tu, na usipoupata hukaa kwenye mitambo ya kampuni ukijaribiwa tena na tena.

Simu yangu ya bei niliitia kwenye chupa. Mstari ukaja, ukaondoka. Kijana mmoja aliyekuwa anamenya nazi akaniambia bila kuacha kazi, "Ami, ishushe iwe 2G. Inahangaikia 4G ambayo haipo." Nikaishusha, ikatulia.

Lakini kilichonishangaza hakikuwa mti. Ni saa. Baada ya swala ya alasiri mpaka jua linapokaribia kuzama, wenye simu huja chini ya mwembe, na ndugu zao walioko Malindi, Mombasa na Nairobi wanaijua saa hiyo. Wanapiga wakati huo, hawapigi mwingine. Mwanamke mmoja, mwanawe yupo Mtwapa, huongea naye kila Ijumaa. Nilimwona akifika, akiketi, akiiangalia simu, na simu ikalia kabla hajajipanga vizuri kwenye mkeka. Hapakuwa na "nitakutafuta". Mjini mtu anaweza kukutafuta wakati wowote, kwa hiyo hakutafuti. Kushika saa huko Ozi kulienea katika kila jambo. Mpishi alisema atakuja kuchinja baada ya alfajiri akaja baada ya alfajiri. Mashua ya kuwaleta wageni wa Kipini iliahidiwa maji ya kujaa ya asubuhi, na nilipokwenda mtoni ilikuwa inafungwa kamba. Ahadi isiyoweza kutanguliwa kwa simu watu huitimiza, si kwa wema zaidi, bali kwa kuwa mwenzako ameshatoka nyumbani kwake na huna njia ya kumrudisha.

Sitaki nionekane nasifu shida. Mzee wa nyumba niliyofikia alinipeleka kuona miembe yake iliyokauka ikiwa imesimama. Maji ya bamvua siku hizi hupanda mto na kuingia mashambani yakiwa na chumvi, kwa sababu mto wenyewe hauna tena nguvu ya kuyasukuma nje. Juu huko kuna mabwawa, likiwemo la Masinga lililokamilika 1981, na mashamba ya umwagiliaji yasiyoshiba. Halafu mvua kubwa zikija, kama za mwisho wa 2023, Masinga likijaa maji yote yanateremka kwa pamoja. "Mvua inyeshe Murang'a, tulowe sisi," alisema. Maji huchukua siku kadhaa kufika delta, na katika siku hizo simu ni mali isiyo kifani: tangazo la bwawa kufurika hutolewa redioni, chifu hupigiwa, chifu hupiga Kipini. Kutoka Kipini mpaka hapa hutumwa mtu na mashua, kwa sababu saa ya mwembe huenda haijafika. Mzee anataka mnara, na ana haki.

Nilimuuliza kuhusu wagonjwa wa usiku. Mtu wa mjini hufikiri namba ya dharura. Simu ikiandika "dharura pekee" maana yake imeuona mnara wa kampuni nyingine, na 112 yaweza kupita hapo. Ikiandika hakuna huduma, hata 112 haina pa kupenya. Ozi hawapotezi muda na hayo. Hubisha mlango wa nahodha. Mashua inashushwa, mgonjwa analazwa juu ya godoro, na mtu mmoja anashika simu iliyojaa chaji ambayo haiguswi mpaka kona ya mikoko iliyoanguka. Hapo anaiwasha na kumpigia mhudumu wa zahanati ya Kipini, ili wakifika gati wamkute amesimama na taa. Kwa mjamzito mwenye uchungu, alisema mzee, tofauti ya kumkuta na kumtafuta ni kubwa sana. Kuna simu moja ya kijiji kwa kazi hiyo. Huchajiwa kwa sola ya msikiti, na anayeitumia kuchezea muziki hupigwa faini ya kuku.

Harusi ilikuwa harusi: pilau, chakacha, wanaume wakisukumwa nje. Sare ilipendeza. Bibi mmoja aligeuza pindo la kila leso kutafuta alama ya pembeni, akaridhika, kisha akaniita na kunipa agizo jipya la leso za msimu ujao, baada ya mavuno ya mpunga, atakapokuwa na pesa. Nilitaka kuliandika kwenye simu. Akanizuia mkono. "Mwambie mwenye duka kwa mdomo. Yule ananijua."

Tuliondoka na maji ya kupwa, saa ile ile iliyotajwa siku nilipofika. Kwenye kona nahodha akapunguza mashine na nikaiwasha simu, ikaanza kutetemeka mkononi kwa yote yaliyokuwa yakingoja: matangazo ya mikopo, salamu za makundi, picha za leso tulizotuma wenyewe zikirudi na tiki mbili. Na rafiki yangu wa Mombasa, mara tatu: "Umefika wapi?" Nikaanza kumjibu.

"Nani huyo?" nahodha akauliza.

"Rafiki yangu. Atakuja kunipokea stendi."

"Saa ngapi?"

"Tutapigiana."

Aliacha usukani kidogo akamgeukia mwalimu aliyeketi nyuma. "Wawasikia hawa wa Mombasa? Ati watapigiana."